Mvua Juu ya Sauti ya Besi

Jumapili, 3 Machi

Nimerudi kutoka kituoni miguu inauma na moyo umetulia, jambo linalonipata Jumapili tu. Kituo chenyewe ni cha kuoshea magari. Siku sita ni povu, mipira ya maji na matusi ya madereva. Jumapili alasiri mwenye kituo, tunayemwita Mwenye Maji, anafunga bomba, tunasogeza ndoo ukutani, napanga spika zangu mbili na kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na watu wazima wanakuja kucheza muziki wa dipu hausi kwenye sakafu iliyolowa.

Vijana wakipita wanatucheka. "Muziki wa wazee huu, tangu mwaka juzi ni wimbo uleule!" Waache wacheke. Ukishapiga pasi mashuka ya hoteli siku sita mfululizo, kama mimi kule dobi, hutaki muziki wa kukukimbiza. Unataka mdundo unaotembea kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, besi iko chini huko, kinanda kinagusa mara moja kinaondoka, halafu sauti ya mtu inasema neno moja na kulirudia mpaka unaliona ni lako. Muuguzi anacheza, fundi magari anacheza, mhasibu mmoja mnene anafumba macho na hafumbui mpaka jua lizame. Miaka yote nyimbo nyingine zimekuja na kupita, na hawa hawajaenda popote.

Leo mdogo wangu alichukua maiki kama kawaida yake. Wiki nzima anaosha magari hapohapo. Jumapili anaimba juu ya mdundo wangu. Jina la Besi alilipata siku sauti ilipovunjika: alipokea simu ya jirani, na yule mama akaikata kwa hofu, akidhani amejibiwa na marehemu baba yetu. Mstari wake ni uleule mmoja, alioutunga mwenyewe: "Nifungulie, nimefika." Hana mwingine na hakuna anayedai mwingine. Leo ulitoka na mkwaruzo mzito. Watu wakapiga vigelegele, wakadhani ni utamu. Mimi niliona mishipa ya shingo yake.

Mvua imeanza tukikunja nyaya.

Jumatatu, 4 Machi

Mashuka. Mvua. Mkono wa kulia si wangu tena.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimburuta hospitali mwenyewe. Alikuwa anajitetea kwamba ni sabuni ya magari tu inamkereketa. Daktari ni mwanamama mpole, anaongea polepole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Tukiuacha, utaziba njia ya hewa. Itabidi tukiondoe chote. Utapumua kwa tundu hapa chini ya shingo."

"Na kuongea?" Besi aliuliza.

"Kwa sauti hiyo, hapana, kaka yangu."

Besi akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Basi madereva watakuwa wananitukana bila kujibiwa. Watafurahi sana." Daktari hakucheka. Mimi nilicheka, na sijui kwa nini nilicheka, na sasa naandika hapa nikiwa nimejiziba mdomo kwa kanga Mama asisikie.

Upasuaji ni wiki ya pili ya Aprili.

Ijumaa, 8 Machi

Mama ameambiwa. Hakulia. Aliuliza tu kama atakuwa anakula vizuri.

Jambo moja limenikaa rohoni tangu jana. Sauti yake haipo popote. Miaka yote hii ameimba Jumapili, watu wamecheza, tumekunja nyaya, tumerudi nyumbani. Sijawahi kumrekodi hata mara moja. Kila mwaka tulisema tutarekodi tu, haraka ya nini? Simu yake ni ya vibonye, imeshaanguka kwenye ndoo mara ngapi sijui, haihifadhi chochote. Na mtu unayeishi naye nyumba moja utamtumia ujumbe wa sauti wa nini?

Kwa hiyo nitamrekodi kabla ya Aprili. Nimeapa.

Jumapili, 10 Machi

Nina chumba nyuma ya nyumba, zamani kilikuwa stoo. Nimetundika mablanketi ukutani, nina maiki nzuri moja, na juu ni mabati. Jumatatu hadi Jumamosi, ng'ambo ya ukuta, jirani yetu fundi wa kuchomelea anakata vyuma na mashine inayolia mpaka meno yanauma. Inabaki Jumapili asubuhi tu.

Leo Jumapili asubuhi imenyesha kama imelipwa. Besi aliimba hivyohivyo, mvua inapiga bati juu yake. Nilisimamisha.

"Endelea bwana," alisema. "Inasikika vizuri, kama shangwe."

"Inasikika kama mtu anakaanga kitu."

"Dada, mvua nayo ni mdundo."

"Mdundo wangu hauna mvua. Tutafanya Jumapili ijayo."

Jioni fundi wa kuchomelea alinikuta mlangoni natazama mawingu kwa chuki. Nikamweleza. Akasema, "Mpeleke studio ya mjini, yenye zege juu." Nikamwambia hakuna mtu mjini anayeijua sauti ya Besi kama mimi. Ni kweli. Akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada," akaenda zake.

Kituoni hakukuwa na muziki. Maji yalijaa.

Jumanne, 12 Machi

Imenyesha. Amekohoa usiku kucha.

Ijumaa, 15 Machi

Imenyesha. Mashuka hayakauki, bosi wa dobi anatufokea sisi, utadhani ndio tunaoileta.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ilikatika baada ya chai. Nilimsukuma Besi ndani hajamaliza hata kutafuna. Nikazima feni, nikawasha mdundo kwenye hedifoni zake, nikamwashiria. Akafumba macho.

Sijui niandikeje. Ilitoka ikiwa imechoka na imekomaa, kila neno limeburutwa kidogo. "Nifungulie, nimefika." Halafu Mama akaita kutoka uani, "Besi! Umeanua nguo zangu?" Naye, katikati ya mstari, macho yamefumbwa vilevile, akajibu kwa sauti ileile ya kuimba, "Nimeanua, Mama!" akaangua kicheko mpaka akashikwa na kikohozi.

"Umeharibu," nilimwambia.

"Si unakata tu?"

"Nakata. Tena, tangu mwanzo."

Aliimba tena. Na tena. Nilimwambia tena mpaka mvua iliporudi. Alipotoka alikuwa anaongea kwa kunong'ona, ananionyesha kidole gumba. Nina mstari mmoja safi na vipande.

Jumatano, 20 Machi

Leo sikwenda dobi, nilisema naumwa. Nimekaa na rekodi tangu asubuhi, hedifoni zimenikaza masikio, mashine ya jirani inapenya hata hivyo.

Kompyuta imejaa, kwa hiyo nimefuta zote za tarehe kumi, zile za mvua. Kisha nikaingia kwenye za Jumapili na wembe. Pumzi, nimekata. Kikohozi, nimekata. "Haya twende", "ngoja kwanza", kicheko, Mama wa uani na jibu lake, vyote nimekata na kutupa. Umebaki mstari mtupu, safi kama shuka lililotoka chini ya pasi yangu.

Mtu asiyejua atauliza wimbo gani una maneno mawili tu. Ndio huu wetu. Mwimbaji wa dipu hausi hakusimulii habari ya maisha yake. Anasema jambo moja dogo, mimi nalizungusha, na kila likirudi unakuta umebadilika wewe. Mhasibu mnene aliniambia siku moja kwamba alipofiwa na mkewe hakuweza kusikiliza nyimbo za mapenzi, zilimpigia kelele. Huu ulimwacha apumue. Mstari mmoja unatosha. Nimejiambia hivyo leo zaidi ya mara moja.

Jumapili, 24 Machi

Jua! Jua asubuhi nzima, na sauti yake imekuwa uzi. Alijaribu mstari ukakatika katikati. Akaniangalia kutoka nyuma ya maiki.

"Dada, acha iendelee hivyohivyo. Sitaki kuimba. Nataka niseme na Mama kidogo, halafu mumuwekee baadaye."

"Hiyo si ya wimbo, Besi. Na kwa sauti hiyo? Mama atalia bure. Pumzika, unywe maji ya moto. Jumapili ijayo utakuwa umepata nguvu, useme vizuri."

"Haya," akasema. Hakubishana. Angebishana ningemkubalia.

Jumanne, 26 Machi

Imenyesha. Nimempikia uji.

Alhamisi, 28 Machi

Ameishiwa pumzi kazini, ndoo mkononi. Mwenye Maji alimpakia kwenye gari la mteja likiwa bado na povu, akaliendesha mpaka hospitali akiwasha taa na kupiga honi. Nilipofika Besi alikuwa amewekewa hewa, macho yamemtoka. Daktari aliniita pembeni.

"Hatuwezi kusubiri Aprili. Ni kesho asubuhi."

"Hata Jumapili ipite tu," nilisema.

"Jumapili hatakuwepo, mama."

Nilikuwa nataka Jumapili. Mdogo wangu anakosa hewa na mimi namwomba daktari Jumapili. Mungu anisamehe, kama ana nafasi.

Ijumaa, 29 Machi

Walimchukua mapema. Mama alimshika mkono mpaka kwenye milango miwili ya chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza neno la mwisho, nimesogea kabisa kama mtu wa redio. Alimgeukia muuguzi akanong'ona, "Samahani, hizi soksi nivue au nibaki nazo?"

Ndiyo hayo.

Jumamosi, 30 Machi

Yu hai.

Jumamosi, 13 Aprili

Amerudi nyumbani. Ana tundu chini ya shingo, limefunikwa na kitambaa chepesi. Tumefundishwa kulisafisha. Daktari amesisitiza maji yasiingie kabisa, yakiingia yanakwenda moja kwa moja mapafuni. Akitaka kutuita anapiga makofi. Nimemnunulia daftari na kalamu, ameandika "asante" kisha ameviweka juu ya kabati. Besi hakuwahi kupenda kuandika, hata shuleni.

Mama anaongea naye kwa sauti kubwa, kana kwamba amekuwa kiziwi. Besi anainua mabega, ananitazama, nami natazama pembeni.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekutana na fundi wa kuchomelea kwenye bomba. Nikamwambia jinsi Jumapili zilivyotukimbia. Akaweka ndoo chini. "Sasa si ungeniambia, dada? Ningezima mashine. Hata wiki nzima ningezima. Kwani chuma kinaoza?"

Niliona haya kuomba. Ningeomba kitu kidogo hivyo, ningepata siku sita kwa wiki.

Jumapili, 21 Aprili

Jua limewaka, kituo kimekauka, Mwenye Maji akatuma ujumbe kwamba watu wanaulizia. Nilikwenda na wimbo. Besi amerudi kazini, kazi nyepesi, kufuta kwa kitambaa kikavu tu. Alikuwa amebakiwa na gari moja jeupe.

Niliuweka wa tatu. Mdundo kwanza, mrefu, watu wanaingia mmojammoja. Kisha besi. Kisha nikaifungua sauti.

Hawakupiga vigelegele. Walinyamaza, wakaendelea kucheza wamenyamaza, nami nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua hiyo ndiyo heshima kubwa. Mhasibu machozi yalikuwa yanamtoka, hajifuti. Mwanamke mmoja mgeni, viatu mkononi, alikuja kunishika bega.

"Huyu anayeimba ni nani? Sauti hii imeniingia."

"Mdogo wangu."

"Anaimba wapi? Nije nimsikilize."

Besi alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, ametupa mgongo, anafuta mlango wa lile gari jeupe. Ulikuwa umeshakauka zamani, na alikuwa anaufuta palepale. Alinigeukia, akapitisha kidole mbele ya shingo yake. Zima.

Watu wote wale walikuwa wamefumba macho. Sikuzima. Niliuacha mpaka mwisho, na nilipoinua kichwa Besi hakuwepo, kitambaa kiko juu ya gari.

Nilidhani naiokoa sauti yake nimrudishie. Nimewapa watu wengine wote isipokuwa yeye.

Jumatatu, 22 Aprili

Hanitazami.

Jumanne, 23 Aprili

Mama alinifuata chumbani nyuma. Huwa haingii, anasema panamkaba. Alikaa juu ya spika kama kwenye kigoda.

"Mwanangu, hicho chombo chako kinamsikia mdogo wako?"

"Kina sauti yake, Mama."

"Kuna mahali ananiita?"

"Anakuitaje?"

"Ananiita tu. 'Mama.' Sitaki nyimbo ndefu. Hilo neno moja tu."

Nikamwambia ngoja nitafute. Nilitafuta mpaka giza likaingia, kila faili, kila kipande, mpaka kwenye takataka za kompyuta ambazo najua fika nilizimwaga mwenyewe. Nilimkumbuka alivyojibu akiwa amefumba macho, kuhusu nguo. Neno lilikuwepo, zuri kabisa, limeimbwa. Nililikata kwa mkono huu kwa sababu halikuwa la wimbo.

Nilimwambia hakuna. Sikumwambia kwa nini. Alitikisa kichwa akasema, "Basi niwekee hilo ulilonalo."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imerudi. Mama amesikiliza.

Alhamisi, 25 Aprili

Amesikiliza. Nimemwekea mstari wenyewe na mdundo tu, unazunguka, maana kinanda kinamkera.

Jumapili, 28 Aprili

Imenyesha, hakuna kituo. Nilipita nje ya chumba nikasikia Mama anaongea. Nikachungulia. Alikuwa amekaa mgongo kwa mlango, mikono mapajani. Sauti ikasema, "Nifungulie, nimefika." Ule mdundo una nafasi baada ya mstari, niliiacha makusudi, wimbo upumue. Mama akaijaza nafasi ile.

"Karibu, baba."

Ikazunguka. "Nifungulie, nimefika."

"Karibu, baba."

Hakukosea hata mara moja. Nimefanya kazi na watu wanaojiita wanamuziki ambao hawaingii kwa wakati namna ile. Nilirudi ndani nikalala chini sakafuni kifudifudi.

Ijumaa, 3 Mei

Besi amegundua. Alipita uani akasikia, akasimama, akaendelea na safari yake. Siku hizi anakaa kituoni hata kukiwa hakuna magari. Mwenye Maji anasema anapanga ndoo, anapangua, anapanga.

Nilimwambia Mama labda aongee na Besi mwenyewe, yuko hai, yuko humu ndani. Akanijibu bila ukali, "Nikiongea naye, hanijibu."

Jumatatu, 6 Mei

Imenyesha.

Alhamisi, 9 Mei

Leo Besi alikuwa na miadi ya hospitali, akaenda peke yake. Nilitoka dobi mapema, wingu jeusi, nikaingia nyumbani nikafunga mlango wa mbele kwa komeo maana upepo ulikuwa unaubamiza. Mvua ikashuka. Mama akasema pale nyuma bati linampigia kelele, hasikii chochote, basi nikahamishia spika sebuleni, penye dari. Nikaongeza sauti kuishinda mvua. Akakaa. "Nifungulie, nimefika." "Karibu, baba." Nikakaa naye. Kusema kweli nilikuwa nafarijika. Sauti ile ilijaza chumba, besi inapita sakafuni mpaka nyayoni, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilifumba macho.

Kisha nikasikia pigo moja limechelewa. Ngoma inapiga, na nyuma yake kidogo nyingine, nzito, haiko mahali pake. Nikadhani ni kompyuta, ikipata joto huwa inakwama. Nikainuka nikaanza kurekebisha. Nikasogeza pigo mbele, nikalirudisha nyuma. Pigo lile likazidi kuharibika, likawa linakuja mawili mawili, matatu matatu, halafu likawa dhaifu. Nikamwambia Mama samahani, nakaribia kulipata. Nilikaa pale sijui muda gani, nimeinamia kioo kilichopasuka, nalitafuta kosa kwenye mdundo wangu.

Lilipoacha kabisa ndipo nikaelewa.

Nilifungua komeo. Besi alikuwa amejibanza kwenye mlango, ambao hauna hata kibaraza, mvua inamwagika juu yake. Mkono mmoja alikuwa ameukaza shingoni, vidole vimeziba lile tundu maji yasiingie, mkono wa pili umeshuka, ngozi ya vifundo vya vidole imechubuka kwa kugonga. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alinipita akiwa anavuta hewa kwa kifua kizima, akafika katikati ya sebule, akasimama hapo anachuruzika, na spika ikasema kwa sauti yake, "Nifungulie, nimefika."

Mama alikuwa ametupa mgongo. Hakuwa amegeuka bado.

"Karibu, baba," akaiambia spika.